Kazi ya kompyuta, mradi wako wa alfajiri na mkutano wa mtaa: namna ya kuvibeba vyote vitatu

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu, Tabata. Ajenda ya tatu ilikuwa mtaro. Mwenyekiti ndiyo kwanza anafungua daftari, simu ikatetema mapajani kwangu: malipo ya mishahara yamekwama kwenye mfumo tunaousimamia kazini, na zamu ya wikiendi ile ilikuwa yangu. Nikainuka, nikaenda chini ya mwarobaini, nikaweka kompyuta juu ya tofali mbili na kuanza kutafuta hitilafu. Niliporudi, dakika arobaini zilikuwa zimepita na ajenda ya mtaro nayo imepita. Kwenye muhtasari halikuandikwa neno hata moja. Mvua za vuli zilipokolea, maji yaliingia nyumba nne za bondeni, mojawapo ya bibi anayeniuzia vitumbua kila asubuhi.

Mwongozo huu umetokana na siku ile. Nauandika kwa ajili ya mwenzangu anayefanya kazi ya mifumo, programu au mitandao, ana kitu chake anachokijenga baada ya saa za kazi, na hataki mtaa anaoishi uamuliwe na wengine wakati yeye yuko kwenye skrini. Mifano ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko niliko. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: mtaa humjua anayerudi. Saa nne kwa mwezi, zilezile, kila mwezi, zinafanya kazi kubwa kuliko juma zima la kelele halafu miezi sita ya kimya. Na saa nne mtu wa teknolojia anaweza kuzipata, akizitafuta kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Pima wiki mbili kabla ya kumuahidi mtu chochote

Chukua daftari dogo, si programu ya simu, na uandike kila jioni saa zilikokwenda. Fanya hivyo wiki mbili mfululizo, moja ikiwa na zamu ya simu, yaani ya kuitwa mfumo ukikwama, na nyingine bila zamu. Wiki ina saa 168. Zangu zilisomeka hivi: kazi 45, kulala 49, njiani 15 kwa sababu ya foleni ya Buguruni na kusubiri daladala, kisha kupika, kufua, watoto, ibada, misiba na kusalimia wagonjwa, jumla 45. Zikabaki 14. Hizo 14 ndizo mali yote uliyonayo. Wiki ya zamu hushuka hadi 5, na hiyo ndiyo namba ya kupangia, maana ukipanga kwa wiki nzuri utavunja ahadi kila wiki mbaya.

Ukiona kazi peke yake inakula saa 60, usianze na mtaa. Anza na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Walio kwenye menejimenti wanaoripoti moja kwa moja kwa wakuu hawaguswi na kipengele hicho, lakini wengi wetu tunaoitwa wahandisi tunaguswa. Nilifanya kazi mahali ambapo kila toleo jipya la programu lilitolewa usiku wa Ijumaa na hakuna aliyewahi kuandika saa zile popote. Siku niliyoanza kuziandika na kuzituma kwa barua pepe kila mwisho wa mwezi, bila maneno makali, matoleo yalihamia Jumanne asubuhi ndani ya miezi miwili.

Hatua ya 2: Soma mkataba wako, kisha zungumza na bosi mapema

Soma vipengele vitatu kwa utulivu. Cha kwanza, nani mwenye kitu unachokiandika. Mikataba mingine inadai hata msimbo ulioandika nyumbani Jumapili, ilimradi unafanana na shughuli za kampuni. Cha pili, mgongano wa maslahi: kama mwajiri wako anauza mifumo kwa halmashauri na wewe umo kwenye kamati ya mtaa ndani ya halmashauri hiyohiyo, lazima jambo hilo lijulikane kwa maandishi pande zote mbili. Cha tatu, siasa. Mtumishi wa umma ana masharti yake, tena makali. Wa kampuni binafsi hutegemea kanuni za kampuni. Kipengele kikiwa hakieleweki, omba ufafanuzi kwa maandishi.

Mradi wako binafsi usiguse kompyuta ya kazini, barua pepe ya kazini, wala intaneti ya ofisi. Nunua mashine ya mtumba kama huna njia nyingine. Mimi nilianza na moja ya Kariakoo yenye kitufe cha herufi A kilichong'oka, na ilinitosha mwaka mzima.

Kuhusu bosi, usisubiri mpaka ukose kikao ndipo ujieleze. Huu ni ujumbe niliouandika, uubadilishe upendavyo:

"Habari za asubuhi, kaka. Nina jambo naomba ulijue mapema. Nimeombwa kuwa katibu wa kamati ndogo ya mazingira ya mtaa ninakoishi. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne hadi saa sita. Hakuna malipo, na sitatumia vifaa wala jina la kampuni. Naomba Jumamosi hizo nisipangiwe zamu. Nimeshaongea na wenzangu wawili, nitachukua Jumapili zao. Likitokea lolote linalogongana na kazi nitakueleza kabla halijawa tatizo."

Angalia mambo mawili humo. Siku imetajwa, na mbadala umeletwa tayari. Bosi akiletewa tatizo pamoja na suluhisho lake hana sababu kubwa ya kukataa. Sheria inakupa pia siku 28 za likizo kwa mwaka, zikihesabiwa na wikiendi. Kama kwenu mnaruhusiwa kuzigawa, tenga nne kwa ajili ya mtaa: mbili za kipindi cha bajeti, moja ya kusafisha mtaro, moja akiba.

Hatua ya 3: Weka kalenda tatu juu ya karatasi moja

Hapa ndipo nilipopoteza muda mrefu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Watu wengi hupanga siku: asubuhi hiki, jioni kile. Kumbe mambo haya matatu yanakwenda kwa misimu, na kila moja lina msimu wake. Chukua karatasi kubwa ya manila, chora miezi 12 na mistari mitatu chini yake.

Mstari wa kwanza ni kazi. Andika miezi yenye pilika nyingi. Kwetu sisi wa malipo, kila mwezi kuanzia tarehe 25 hadi 30 mfumo unabeba mishahara na hapana kulala. Wiki mbili kabla ya Idi, miamala hupanda. Kuanzia katikati ya Desemba tunafunga mabadiliko yote mpaka mwaka mpya, na huo ni muda wa nafuu ambao wengi huupoteza kwenye uchovu.

Mstari wa pili ni serikali na mvua. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ikimaanisha kwamba ukifika halmashauri mwezi Mei na barua ya kuomba kalvati, fungu lilishagawanywa zamani. Mapendekezo ya mitaa na kata huanza kukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka. Kwa hiyo jambo lako lazima liwe limeshapita kwenye mkutano wa mtaa ifikapo Septemba au Oktoba, likiwa limeandikwa. Halafu mvua: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Mtaro husafishwa Septemba na Februari. Ukiusafisha Aprili unatoa matope kuweka matope.

Mstari wa tatu ni mradi wako. Wangu ni programu ndogo ya mahesabu ya kikoba cha mama yangu na wenzake kumi na tisa: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Kikoba chao huvunja mzunguko Desemba na kugawana. Maana yake programu lazima iwe tayari kabla ya Novemba, na Novemba ni mwezi wa vuli, wa mapendekezo ya bajeti, na wa harakati za mwisho wa mwaka kazini. Nilipoona mistari yote mitatu imekutana pale kwenye karatasi, niliamua siku ileile kwamba kazi ya kikoba inamalizika Agosti. Sikuongeza hata saa moja kwenye wiki yangu. Nilihamisha tu mzigo, kutoka mwezi uliojaa kwenda mwezi uliokuwa mtupu.

Fanya hivyo na yako. Mahali ambapo mistari mitatu inagongana, hamisha ule unaoumiliki wewe mwenyewe, yaani mradi binafsi. Bajeti ya halmashauri haihami kwa ajili yako, wala mvua.

Ongeza mstari mwembamba wa nne: uchaguzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila baada ya miaka mitano. Uliopita ulikuwa 27 Novemba 2024, na kabla yake 24 Novemba 2019. Wasomi wenzangu wengi hudhani kadi ya mpiga kura ya Tume inatosha. Haitoshi. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake ya wakazi, inayoandikwa upya kabla ya kila uchaguzi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, na nilishuhudia vijana wa jengo letu, watu wenye maoni mazito kuhusu barabara, wakirudi nyumbani siku ya kupiga kura kwa sababu majina yao hayakuwamo.

Hatua ya 4: Jua tatizo ni la nani

Kabla hujalalamika, uliza mwenye nalo ni nani. Barabara za mitaa na mitaro yake iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji safi na maji taka ya Dar es Salaam ni DAWASA, umeme ni TANESCO, taka ngumu ni halmashauri na mkandarasi wake. Mtaro mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu: umejengwa na huyu, umezibwa na taka za yule, na umepasuliwa na bomba la mwingine.

Mimi nilianza kwa kuandika barua nzuri ya kurasa mbili, nikaipeleka ofisi isiyohusika, nikangoja miezi mitatu. Jioni moja nikampitia mwenyekiti mstaafu, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa anakunywa kahawa kibarazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeandika barua."

Nikampa nakala. Akavaa miwani, akaisoma yote mpaka saini, akanirudishia.

"Barua yako nzuri sana. Muhtasari uko wapi?"

Sikuwa na muhtasari. Akanieleza taratibu. Jambo hutajwa kwenye mkutano wa mtaa, mtendaji wa mtaa huliandika, wakazi hulipitisha. Mwenyekiti wa mtaa hulipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Diwani naye hulibeba hadi baraza la madiwani, linalokutana kila robo ya mwaka. Afisa wa wakala akipokea barua yako peke yake, ana malalamiko ya mtu mmoja. Akipokea muhtasari wa kata, ana maombi ya wananchi yanayoweza kuingia kwenye mpango.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni ya karani: hakikisha jambo limeandikwa, kwa maneno yanayopimika. Usiandike "mtaro ni mbovu". Nilikwenda pale na futi ya fundi cherehani na mtoto wa jirani akinishikia mwisho wake. Bomba la kalvati lina upana wa sentimita 60. Mchanga, chupa za maji na mifuko ya viroba vilikuwa vimejaa hadi sentimita 41. Juu yake kulikuwa na tawi la mkungu na godoro la mtoto. Tukaandika namba hizo mbili, tarehe, na nyumba zinazoathirika. Sentensi hiyo ndiyo iliyonakiliwa kila ngazi iliyofuata, neno kwa neno, kwa sababu hakuna mtu aliyepata namna ya kuifupisha.

Hatua ya 5: Jambo moja la mtaa, mradi mmoja wako

Moja. Mtaro, au taa, au soko, au shule. Mtu wa kompyuta ana ugonjwa wa kuona kila kitu kama mfumo unaohitaji kuandikwa upya, na mtaa una mambo mia. Chagua moja ulishike mpaka liishe au mpaka likabidhiwe.

Usianze kwa kutengeneza programu ya mtaa. Nilitengeneza fomu ya kukusanya kero: jina, simu, namba ya NIDA, nyumba, picha. Mwenyekiti alipoiona aliuliza swali moja tu: "Hizi namba za watu zitakaa wapi, na kwa nani?" Alikuwa sahihi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwapo, jirani akikupa namba yake ya NIDA kwa ajili ya mtaro amekuamini kwa kitu kizito. Nikaifuta fomu yote pamoja na majaribio yake. Tunatumia daftari la mistari, lina safu nne: tarehe, mahali, kilichoonekana, aliyekabidhiwa. Linakaa kwa mtendaji na kila mkazi anaweza kulisoma.

Ujuzi wako una nafasi yake, ila utafute kwanza kilichokwisha fanywa. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walipita kata zinazofurika za Dar es Salaam wakiandika nyumba, njia na mitaro, na kazi yao ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, bure kwa kila mtu. Nilipofungua ramani ile nikaukuta mtaro wetu umechorwa. Kazi yangu ikawa jioni mbili tu: kurekebisha kipande kilichobadilika, kuchapisha karatasi moja ya A3, na kuibandika ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Wazee ambao hawakuwahi kushika panya ya kompyuta waliisogelea na kuanza kubishana kwa vidole maji yanapita wapi. Ubishi ule ulitupa njia ya maji ya zamani ambayo haikuwamo kwenye ramani yoyote.

Mradi wako binafsi uupe saa isiyoguswa na mtu. Mimi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu. Usiku haunifai; ubongo uliokaa kwenye hitilafu za watu kutwa nzima hauna tena cha kutoa. Kila ninapofunga mashine naacha jaribio moja la kukagua programu likiwa linashindwa makusudi, linionyeshe pa kuanzia, na mstari mmoja wa maelezo: "faini ya kuchelewa inahesabiwa mara mbili, angalia tarehe." Asubuhi nyingine sipotezi muda kukumbuka nilipofikia, nashika palepale. Ukiwa na dakika 90 tu, dakika 20 za kukumbuka ni hasara kubwa.

Na mradi huo uwe na mtu anayeusubiri. Mama yangu hupiga simu: "Mwanangu, kina mama wanauliza lile daftari lako la simu lini?" Hakuna programu ya kupanga kazi inayoshinda simu hiyo.

Hatua ya 6: Panga zamu kama unavyopanga msiba

Kwenye msiba hakuna anayeuliza nani apike. Kila mtu anajua. Zamu ya simu nayo iwe hivyo. Wiki nne kabla, tazama Jumamosi za kikao, badilishana, na uandike mabadiliko mahali ambapo timu nzima inaona. Ukiachia makubaliano ya mdomo kwenye ngazi za ofisi, siku yenyewe mwenzako atakuwa Bagamoyo kwenye harusi.

Ikishindikana kubadilishana, nenda kikaoni lakini mweleze mwenyekiti kabla hakijaanza: "Mzee, leo niko zamu kazini. Simu ikiita nitatoka. Naomba ajenda ya mtaro isogezwe mbele." Mwenyekiti wetu alikubali mara moja, na ningejua kuomba hivyo ile Jumamosi ya Oktoba, mambo yangekuwa mengine. Mpe pia mtu mmoja maelezo yako kwa maandishi, aweze kuyasoma ukitoka. Karatasi nusu inatosha.

Hatua ya 7: Makundi ya WhatsApp

Yazime sauti yote isipokuwa la zamu. Soma la mtaa mara mbili kwa siku, saa saba mchana na saa mbili usiku. Usijibu hoja ya siasa baada ya saa tatu usiku, na usiwahi kuijibu kwa sauti iliyorekodiwa, kwa sababu sauti husambazwa bila swali lililotangulia. Jambo likizidi jumbe tatu, mtembelee mtu huyo. Mtaa ni mdogo, anakaa dakika sita kwa miguu.

Hatua ya 8: Amua mapema kama utagombea

Watakuomba. Ukiwa unaandika vizuri, unaongea kwa heshima na unarudi kila mwezi, watakuja watu wa chama hiki na wa chama kile. Masharti ya kugombea uongozi wa mtaa ni pamoja na umri wa kuanzia miaka 21, kuwa mkazi wa mtaa huo na kudhaminiwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo kwenye mfumo wetu.

Ushauri wangu ni wa wazi: ukiwa kwenye kazi yenye zamu za usiku, usigombee uenyekiti. Mwenyekiti hugongewa mlango saa kumi na moja alfajiri na mtu anayetaka barua ya utambulisho, saa tano usiku na mke na mume wanaogombana, na mchana kutwa na mipaka ya viwanja, misiba, wageni wasiojulikana. Nimemwona wa kwetu akiacha sahani ya ubwabwa mezani mara tatu jioni moja. Watu hawa wanastahili kiongozi anayefungua mlango, na wewe utakuwa unaangalia seva. Kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa kunabebeka. Ukatibu wa kamati ndogo, usiohitaji chama, unabebeka zaidi, na muhtasari uko mkononi mwako.

Ukiwa kwenye nafasi yoyote, kuna uzio mdogo wa kuuheshimu. Michango ipokelewe na watu wawili, stakabadhi itolewe, jumla isomwe kikaoni. Usilete kampuni yako kufadhili kitu mtaani bila kutangaza kwamba ni kampuni yako. Usiombe kazi ya halmashauri kupitia mtu uliyekutana naye kwenye kamati. Nilikataa kazi moja ya namna hiyo, ya kutengeneza tovuti, na fedha yake nilikuwa naihitaji kwa ada ya shule. Mwezi uliofuata nilisimama kuuliza kuhusu matumizi ya mapipa ya taka, na nikauliza bila kumeza mate.

Hatua ya 9: Nyumbani

Siku moja kwa wiki isiwe na mtaa, mradi, wala kompyuta. Kwangu ni Jumapili baada ya ibada. Wenzako wa nyumbani waambie tarehe za vikao mapema kama ulivyomwambia bosi. Mume wangu alijua kalenda yangu ya kazi miaka mingi kabla hajajua ile ya mtaa, na lawama zake zilikuwa za haki. Ile manila sasa iko jikoni, juu ya ndoo ya maji. Watoto wameongeza mstari wao wa tano kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 10: Andaa makabidhiano kabla hujachoka

Kazi za teknolojia huhama. Utapata ajira Nairobi au Dodoma, au kampuni itafungwa, au zamu zitaongezeka. Kila miezi sita, kaa na mtu mmoja mdogo kwako kwa umri, mpitishe kwenye daftari ukurasa kwa ukurasa. Mpeleke kwa mtendaji umtambulishe: "Huyu ni mdogo wangu, akija bila mimi mpokee." Muache aandike muhtasari wa kikao kimoja wewe ukiwa umekaa pembeni. Kwa upande wa mradi wako, andika ukurasa mmoja wa jinsi ya kuuwasha upya, na umpe mtu ambaye hajawahi kuuona ajaribu kuufuata huku wewe ukiwa kimya. Mama yangu na mhazini wa kikoba walikwama mahali pawili. Nimepabadilisha pote.

Kwenye jalada la ndani la daftari la mtaa nimeandika kwa herufi kubwa: upana wa kalvati sentimita 60, kupima Septemba na Februari, jina la fundi anayejua kulifungua bila kuvunja ukingo, na namba ya jambo letu kwenye muhtasari wa kata. Binti anayenifuata ameongeza chini yake kipimo cha Februari: sentimita 12.